Je, wajua kwa nini gari lililolala huharibika kuliko linalotembea?

Masika yakishatanda mwezi wa Aprili, hoteli nyingi za Nungwi, Paje na Jambiani hapa Unguja hufunga, na magari yanayopakia wageni hulazwa mpaka msimu urudi Juni. Wengine hufunga safari ya Muscat au Dar es Salaam, gari wakaliacha uani kwa ndugu. Mwenyewe akirudi anakuta betri imekufa, magurudumu yamegoma kuzunguka, viti vimeota ukungu. Gari halikubeba mzigo wala halikupita kwenye shimo hata moja. Limeharibikaje?

Jibu kubwa kwetu ni chumvi. Mawimbi yanapopasuka mwambani hurusha matone madogo mno. Maji yake hukauka, chumvi inabaki ikielea na upepo unaichukua. Kaskazi huileta kutoka upande huu, kusi kutoka upande ule. Unguja haifiki kilomita 40 kwa upana, na Pemba ni nyembamba zaidi, kwa hiyo hata gari lililoegeshwa Mwanakwerekwe haliko mbali na bahari.

Chumvi ikiwa kavu kabisa, madhara yake kwa chuma ni madogo. Shida ni kwamba huku haikauki. Chumvi tunayotia kwenye mchuzi huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na usiku wa masika hupita kiwango hicho bila taabu. Tena chumvi ya bahari imechanganyika na chumvi ya aina nyingine, kloridi ya magnesiamu, ambayo hunyonya maji tangu unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Hewa yetu ni nadra sana kushuka hapo, hata kwenye jua kali la Januari. Kwa hiyo gari lililosimama huwa limevikwa utandu wa maji ya chumvi hata siku ambazo mvua hainyeshi. Na kwa kuwa kutu hutokana na umeme mdogo sana unaopita baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine, maji ya chumvi, yanayopitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, huiharakisha.

Gari linalotembea lina kinga zake. Pedi husugua diski za breki kila unapokanyaga, na kutu ya usiku mmoja huondoka kabla hujafika mwisho wa mtaa. Joto la injini hukausha boneti na chini yake. Oili huzunguka ikapaka vyuma vya ndani. Likisimama, yote hayo hukoma. Diski za breki ni chuma cha kusubu kisichopakwa rangi, kwa hiyo ndizo huanza kuota kutu, na pedi iliyozigusa hugandana nazo. Breki ya mkono ikiachwa imevutwa, hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo unapoliacha gari, liweke mahali pa tambarare, tia gia ya kwanza, au P kama ni otomatiki, zuia matairi kwa mawe mbele na nyuma, kisha shusha hiyo breki ya mkono.

Sasa nizungumzie desturi ambayo nadhani inaharibu magari mengi kwa nia njema: kumwachia mtu ufunguo na kumwambia, "Kila Ijumaa lipige stata dakika tano, halafu uzime." Petroli ina haidrojeni ndani yake, na inapoungua haidrojeni hiyo hukutana na oksijeni ya hewani ikawa maji. Kila lita 1 ya petroli hutoa maji yanayokaribia lita 1. Injini ikishapata moto, maji hayo hutoka yakiwa mvuke na huyaoni. Lakini katika dakika tano ekzosi bado ni baridi, kwa hiyo mvuke hugeuka matone humo ndani kama unavyofanya chini ya mfuniko wa sufuria, na chuma kikaanza kuliwa kutoka ndani. Mengine huingia kwenye oili, pamoja na petroli isiyoungua. Betri nayo haipati kitu: stata imechukua umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, na dakika tano za kunguruma bila kutembea hazitoshi kuurudisha. Kama una mtu wa kuaminika, mwambie aliendeshe nusu saa kila baada ya wiki mbili, breki akizikanyaga vizuri na kiyoyozi kikiwaka. Kama huna, ni afadhali gari lilale lisiguswe.

Likilala, chomoa waya wa betri, wa hasi kwanza. Saa, kengele ya wezi na kompyuta ya gari hunywa umeme hata gari likiwa limezimwa. Tuseme ni miliampea 50: kwa siku moja ni zaidi ya ampea-saa 1 (ampea-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutoa), na betri ndogo ya ampea-saa 45 itakuwa imefika nusu kabla ya siku 20. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikikaa muda mrefu chini ya 12.4, fuwele za salfeti hugandamana kwenye sahani zake za madini ya risasi, na hapo hata ukiichaji hairudii nguvu yake. Joto letu huongeza kasi ya kujimaliza, kwa hiyo ichaji ijae kabla ya kuondoka.

Matairi yaongeze upepo kidogo, maana hupungua polepole, na tairi lililolegea hukaa bapa upande mmoja. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza sehemu yake nyepesi na kuacha gundi. Jaza tangi ili hewa yenye unyevu isipate nafasi.

Kabla ya yote, lioshe, hasa uvunguni, kwa maji matamu. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na kuoshea hayo ni kulipaka adui yule yule. Liache likauke juani kabla ya kuliweka kivulini. Banda lililo wazi pembeni ni bora kuliko turubai la plastiki, kwani turubai hufungia unyevu. Usiliweke juu ya majani wala chini ya mnazi. Ndani usiache hata ganda la njugu, kwa sababu panya akishazoea huanza kutafuna waya.

Ukirudi, fungua boneti kabla ya kugusa ufunguo. Tazama waya, viota, oili na maji ya rejeta, kisha rudisha waya wa betri, wa hasi ukiwa wa mwisho. Sauti ya kukwaruza magurudumuni katika mita za kwanza ni kutu ya juu juu inayosuguliwa, na itakwisha ukikanyaga breki polepole mara kadhaa. Ikiendelea, au gari likivuta upande mmoja, usilipeleke barabara kuu. Mwite fundi hapo hapo nyumbani.