Je, wajua kwa nini kochi la mzee halibonyei na la kwako limebonyea ndani ya miaka mitatu?

Ijumaa moja baada ya swala shemeji yangu na dada walipita kwangu, tukala pilau, shemeji akakaa kwenye kochi kama nusu saa hivi, alipoinuka kuaga dada akaangua kicheko. Kanzu nyeupe pee, nyuma imejaa vipande vyeusi vyeusi kama mtu kakalia masizi ya sufuria. Tukapangusa, tukapuliza, wapi. Vimeng'ang'ania.

Kochi lenyewe lilikuwa na miaka mitatu. Nililinunua nikiwa ndo nimehamia Tabata, kapela, nataka sebule ya kiume bwana, kila kitu cheusi, kochi la leza jeusi, meza ya kioo nyeusi, shelfu ya TV nyeusi, na zile taa za bluu za kubandika nyuma ya TV, yani ukiingia unadhani umeingia studio. Wakati huo huo nyumbani Morogoro kuna seti ya makochi ya mbao mzee alitengenezewa mwaka 1986, tumeruka juu yake watoto watano, tumemwagia uji, na mpaka leo yamesimama. Ukiuliza kwa nini, watu wanakwambia vitu vya zamani vilikuwa imara, wanaishia hapo. Sasa hiyo si sababu, hayo ni masikitiko tu. Mi nikataka sababu.

Tuanze na yale masizi. Kitu kinachouzwa kwa jina la leza mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa plastiki ya poliyurethani, au ni vipande na vumbi la ngozi vilivyosagwa vikagandishwa kwa gundi, kisha vikapakwa plastiki hiyo hiyo na kugongwa muhuri wa vinyweleo ili jicho lidanganyike. Sasa poliyurethani aina nyingi adui yake ni unyevu wa hewani. Mvuke wa maji unapenya taratibu unakata minyororo ya molekuli zake, joto linaharakisha, jasho na mafuta ya mwili yanamalizia kazi. Na Dar joto na unyevu havina likizo. Ndo maana unaweza kukuta kochi halijakaliwa kabisa, limehifadhiwa stoo, nalo linabanduka. Ngozi halisi hainaga huo ugonjwa kwa sababu nyuzi zake zimesukana zenyewe tangu ziko mwilini mwa ng'ombe, ukigeuza nyuma unaona manyoyamanyoya, wakati leza ukigeuza unakuta kitambaa cha kufumwa. Na piga hesabu kidogo, kochi la watu watatu linakula ngozi za ng'ombe kadhaa, kwa hiyo seti ya watu saba ukiambiwa ni ngozi tupu kwa laki tisa, jiulize hao ng'ombe walinunuliwa wapi. Mimi sikujiuliza. Hela ya ngozi kama haipo, bora kitambaa kizito cha aina ya turubai kuliko leza, kitachakaa taratibu lakini hakitamvua nguo mgeni wako.

Haya, kubonyea sasa. Hapo mwenye makosa ni sponji, na kuna siri moja ambayo muuza kochi hapendi uijue: sponji nzuri unaipima kwa mzani. Sponji ni vijumba vidogo vidogo vya hewa vyenye kuta za plastiki, ikiwa nyepesi maana yake kuta ni nyembamba, kila ukikaa baadhi zinachanika na hazirudi. Wenye viwanda wanahesabu uzito kwa mita ya ujazo. Kwa kiti cha kukalia kila siku tafuta kilo 30 kwenda juu, zile laini za kudanganyia unakuta zina kilo 16 hivi. Sasa mto wa kochi wa sentimita 60 kwa 60 unene 15, ukizidisha unapata mita za ujazo 0.054, kwa hiyo ukiwa wa kilo 30 mto unatakiwa uzito wake ufike kilo 1.6, ukiwa wa 16 hautafika hata kilo moja. Beba mto, vuka barabara, nenda kwa Mangi muombe mzani wa sukari. Watakushangaa, waache washangae. Ila nisikufiche, kuna wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili uzito upande, kwa hiyo ukibonyeza ikabaki na shimo la ngumi muda mrefu, iache hata kama mzani umekubali.

Nilikwenda Keko. Asiyeijua Dar, Keko ndo kwa mafundi wa fanicha, ukipita barabarani vitanda na makochi yamepangwa nje, vumbi la randa puani na kelele za mashine. Nikamkuta fundi mmoja mtu mzima, nikamwamkia, nikamwambia mzee nataka kochi la kudumu. Akaniangalia. Akasema, "Kila mtu anataka la kudumu mwanangu, ikifika kwenye bei wanataka la kupendeza." Kisha akanipeleka kwenye kochi moja lililoletwa kutengenezwa, jeusi kama langu, akashika kona moja ya mbele akainyanyua kama sentimita 15.

"Angalia mguu wa pili wa mbele."

Umekaa chini pale pale. Akahamia kwenye kochi alilokuwa analifanya yeye, akanyanyua kona ile ile, mguu wa pili ukapanda nao papo hapo. Hiyo tu. La kwanza fremu inajikunja kama mkeka, la pili fremu ni kitu kimoja. Halafu akachana kitambaa cha chini cha lile jeusi, nikaona vibao vya paini vyembamba vimeunganishwa kwa pini na misumari kichwani mwa ubao, mikanda ya lastiki imelegea kama soksi ya shule. Msumari unashika kwa msuguano peke yake, alivyoeleza, na kila ukikaa unatikisika kidogo, tundu linapanuka kidogo, ukisikia kochi linalia nyi nyi ujue ndo hapo. Kiungo cha kweli ni cha tundu na ulimi, ubao mmoja unachongwa ulimi, mwingine unachimbwa tundu kwa patasi, unaingia kwa kubana, gundi kidogo, hapo uzito unabebwa na mbao juu ya mbao, msumari haubebi kitu. Ukienda kununua omba kuona kochi kabla halijavalishwa. Fundi akikataa, na wewe kataa.

Mbao zenyewe ni habari ndefu na mimi naipenda kwa hiyo nivumilie. Mninga ndo mfalme wa sebule za baba zetu, na si kwa rangi tu. Mti wenyewe ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao yake ikikauka hainywei sana wala haipindi, ndo maana droo ya mninga ya miaka ya themanini bado inateleza. Mchwa na bungua hawaipendi, ila hapo ni ule moyo wa mti wenye rangi, ile sehemu nyeupe ya pembeni inaliwa kama mkate, na mafundi wajanja wanaificha nyuma au wanaipaka rangi. Mvule nao ni mgumu, na una kituko chake, ndani ya mti wakati mwingine yanatengenezeka mawe ya chokaa kabisa, msumeno ukikutana nayo meno yanaondoka. Mtiki, wengine wanaita msaji, umekuja na Wajerumani, asili yake India na Burma huko, leo serikali inapanda Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Mvomero, una mafuta yake ya asili ndo maana maji hayaupi shida. Mninga unachukua miongo mingi kukomaa na umekatwa mno, kwa hiyo kwa meza na fremu mpya mi nashauri mtiki wa kupandwa, na uulize risiti na vibali.

Paini ya Sao Hill, Mafinga, siidharau. Ikiwa nene, kavu na imeungwa vizuri inafaa kabisa kwa fremu ya ndani. Ninachokataa ni paini iliyopakwa vanishi nyekundu ikauzwa kwa bei ya mninga. Pinduka chini ya meza, kwaruza kwa ukucha pasipopakwa, paini inaingia ukucha kirahisi, nyeupe, na ina vile vifundo.

Ila hata mninga, ukiwa mbichi ni hasara. Kaka yangu ni mtumishi, alihamia Dodoma lile wimbi la serikali kuhama, akabeba meza yake kubwa ya kulia aliyotengenezewa Dar. Mwezi wa tisa ananitumia picha, meza imepasuka katikati, ufa unaingia kidole. Kumbe ubao unapumua. Unavuta maji ya hewani na kuyaachia, ukikauka unanywea kwa upana, kwa urefu hata huoni. Dar hewa ina unyevu, Dodoma kiangazi ni kukavu, ubao wa meza wenye upana wa sentimita 90 unaweza kupungua karibu sentimita nzima kwa mbao nyingi. Na fundi alikuwa ameukaza kwa skrubu na gundi pande zote, ukataka kunywea ukakosa pa kwenda, ukapasuka. Fundi anayejua anaacha matundu marefu ya skrubu chini ili ubao ucheze. Kuhusu ukavu, ukiuliza kila fundi atakwambia kavu kabisa bosi. Omba kipande cha ubao ule ule, kipime kwenye mzani wa dukani, kiweke ndani kwako wiki mbili, kipime tena. Uzito ukishuka sana, rudi umwambie bado. Kukausha kwa hewa tu wanahesabu kama mwaka kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo mbao iliyoshuka kwenye lori mwezi jana haiwezi kuwa tayari hata aape.

Shelfu yangu ya TV iliondoka kwa dekio. MDF ni nyuzi za mbao zilizokandamizwa kwa gundi, maji yakiingia kingo za chini zinajikumbuka zilivyokuwa, zinavimba, na hazirudi. Nilikuwa nadeki kila Jumapili kwa kujisifu. Ingekuwa na miguu ya chuma ya sentimita 10 ingekuwepo mpaka leo.

Sasa turudi kwa kochi la mzee, maana hapo ndo nilipopata jibu. Nilimuuliza mama, hivi ile mito mmewahi kubadilisha? Akacheka. Mara tatu. Mwanzo ilijazwa sufi, zikaja sponji, zikachakaa zikaja nyingine, na vitambaa ndo usihesabu. Mbao hazijaguswa. Kumbe siri ya lile kochi ni kwamba vinavyochoka na visivyochoka havikugundishwa pamoja. Langu jeusi kila kitu kimepigwa pini kwenye kila kitu, sponji ikifa kochi zima limekufa, unabeba maiti.

Na wazee wa pwani walilijua hili zamani. Chukua kitanda cha kamba, matendegu, yani miguu, na mifumbati, yani mbao za ubavuni, ni ya mbao ngumu inarithiwa, kamba zikilegea unawamba upya. Kiti cha enzi cha Lamu na Zanzibar hivyo hivyo, fremu ya mpingo, mgongo mrefu uliosimama wima, mikono mipana na pa kuegesha miguu, mapambo ya mfupa, lakini pale pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa kwa kamba. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Vipo viti vya karne ya 19 vimehifadhiwa mpaka leo, alikuwa anawekewa mgeni wa heshima. Ukitafuta sebule ya kiume ilivyokuwa kabla ya taa za bluu, ndo ile, na wala haikuwa na vitu vingi.

Kwa hiyo nikafanya hivi. Leza nilimpa muuza vyuma chakavu na mbao, hata hakutaka kulipa. Mama akanipa kochi moja la watu wawili kutoka kwenye ile seti ya mninga ya mzee, fundi wa Keko akalipiga msasa, hakubadilisha kiungo hata kimoja, akaweka sponji nzito na turubai ya kahawia yenye zipu ili nivue nifue. Meza ndogo ya mtiki, moja tu, mengine nitanunua moja moja kadri hela inavyokuja. Ila mama alitoa sharti, kochi haliondoki bila vitambaa vyake vya kufuma. Basi sebule yangu ya kiume ina mninga, turubai kahawia, na maua ya pinki mgongoni mwa kochi. Shemeji akija na kanzu yake anapitiliza moja kwa moja pale.