Saitokini: mbiu ya seli za kinga

Mwiba ukikuchoma kidoleni jioni, kufikia asubuhi kidole kimevimba, kimekuwa chekundu, kina joto na kinapwita. Tumezoea kusema vijidudu ndivyo vilivyofanya hayo. Lakini sehemu kubwa ya maumivu hayo imetoka kwako mwenyewe: seli zako za kinga zimepiga mbiu, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ila mbiu hii haina sauti. Ni kemikali, na kundi moja kubwa la kemikali hizo huitwa saitokini.

Saitokini ni protini ndogo inayotolewa na seli ili kubadili mwenendo wa seli nyingine, au hata wa seli hiyo hiyo iliyoitoa. Jina lenyewe lina asili ya Kigiriki, nalo linaunganisha seli na mwendo: kitu cha kuitikisa seli. Haja yake inaeleweka ukikumbuka jinsi seli za kinga zinavyoishi. Seli za moyo zimeshikana, za ubongo zina nyuzi ndefu za kufikiana. Seli nyeupe za damu huzunguka kila moja kivyake, ndani ya damu, limfu na nyama za mwili. Mara nyingi njia iliyobaki ni kumwaga ujumbe kwenye majimaji yaliyozizunguka, ili uifikie seli inayohusika.

Kusikia ni kazi ya kipokezi, protini iliyochomoza juu ya utando wa seli. Saitokini hukaa juu yake kama ufunguo katika kitasa, na seli isiyo na kitasa hicho hupitwa na ujumbe kana kwamba haukutumwa. Saitokini haihitaji kuingia ndani. Kwa nyingi kati yake, kipokezi kikishashikwa, vimeng'enya viitwavyo JAK vilivyo upande wa ndani hubandika fosfeti, alama ndogo ya kikemikali, kwenye protini ziitwazo STAT. Hizo huungana mbili mbili, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni fulani. Ndani ya dakika chache seli iliyokuwa imetulia imeanza kupokea amri mpya.

Maana ya ujumbe, hata hivyo, iko pia kwa anayeusikia. Chukua saitokini iitwayo interlukini-2. Iligunduliwa mwaka 1976 kama kitu kinachozifanya seli T, aina moja ya seli nyeupe za damu, zizaliane katika maabara, ikahesabiwa kuwa amri ya vita. Baadaye wanasayansi walipozalisha panya wasio nayo, walitarajia wanyama wenye kinga dhaifu. Wakapata panya ambao kinga yao iliushambulia mwili wao wenyewe. Sababu ni kwamba seli T zidhibiti, zile zinazozituliza nyingine, haziwezi kudumu bila interlukini-2. Neno moja, wasikilizaji wawili, kazi mbili zinazopingana. Ndiyo maana matangazo ya dawa za "kuongeza kinga" hunisikitisha. Kinga si tangi la kujazwa. Ukiambiwa kitu kinaongeza kinga, uliza kinaongeza ujumbe upi, kwa seli ipi.

Habari hii ilianza kueleweka kwa jaribio la mwaka 1957 jijini London. Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua vipande vya utando wa yai la kuku na kuviweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Kisha walichukua majimaji yaliyobaki na kuyaweka kwenye vipande vipya ambavyo havijaguswa. Vipande hivyo vikawa vigumu kwa virusi hai kuvishambulia. Seli za kwanza zilikuwa zimeacha onyo ndani ya maji. Walikiita kitu hicho interferoni, kwa sababu huingilia kazi ya virusi.

Kuna saitokini ambazo kazi yake kubwa ni kuonyesha njia, nazo huitwa kemokini. Hutolewa mahali penye jeraha na kusambaa, nzito karibu, nyepesi mbali. Neutrofili, seli nyeupe zilizo nyingi kuliko zote katika damu ya mtu mzima, hufuata harufu hiyo hadi chanzo chake. Seli hii ina upana wa takribani mikromita 10 tu, lakini inaweza kutambua tofauti ya asilimia 1 hivi ya kemikali kati ya upande wake wa mbele na wa nyuma, ikajua pa kwenda. Huvutwa pia na vipande vya protini vyenye alama ya kikemikali iitwayo fomili, ambavyo bakteria huvidondosha. Hapa pana jambo linalonishangaza kila nikilifikiria: mitokondria zetu, vinu vya nishati vilivyo ndani ya seli, ambazo asili yake ni bakteria wa kale, zinabeba alama hiyo hiyo. Nyama ikipondeka na mitokondria zikamwagika, neutrofili huja mbio hata kama hakuna kijidudu hata kimoja.

Ujumbe mwingine husafiri mbali zaidi. Saitokini ziitwazo interlukini-1, interlukini-6 na TNF zikifika kiasi cha kutosha, sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi huchochewa kutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini, na kipimo cha joto la mwili hupandishwa. Ndipo unatetemeka ukiwa chini ya blanketi ilhali una joto. Kukosa hamu ya kula na kutaka kulala tu ni sehemu ya ujumbe uo huo. Parasetamoli hushusha homa kwa kupunguza prostaglandini. Kijidudu chenyewe haikigusi.

Mbiu ikipigwa kila mahali kwa wakati mmoja, hugeuka maafa. Mwaka 2006 jijini London, wanaume sita wenye afya walipewa kwa mara ya kwanza dawa ya majaribio iliyoitwa TGN1412, iliyokusudiwa kuziamsha seli T zidhibiti. Iliamsha seli T kwa jumla. Muda mfupi baadaye walipata homa, maumivu na shinikizo la damu lililoporomoka, na wote sita waliishia chumba cha wagonjwa mahututi. Wote walinusurika. Hali hiyo huitwa tufani ya saitokini. Miaka 14 baadaye, katika janga la UVIKO-19, deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa takribani theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia.

Kwa hiyo kunyamaza ni kazi, na mwili umejiandaa kwayo. Saitokini nyingi huishi kwa dakika au saa chache tu. Seli iliyopokea ujumbe hutengeneza protini za kuzima mtambo wake wa ndani. Mwili hutengeneza hata saitokini ya kuhadaa, inayokaa kwenye kipokezi cha interlukini-1 bila kukiwasha, ikiziba nafasi.

Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, kunyamaza huko kumeshindikana: TNF huendelea kumwagwa ndani ya viungo hadi mifupa inalika. Marc Feldmann na Ravinder Maini, nao wa London, walionyesha kwamba kingamwili, yaani protini ya kunasa, inayoikamata TNF huwapa wagonjwa wengi nafuu kubwa. Lakini TNF hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kushikilia ukuta wa seli unaovifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni. Ukiiondoa, ukuta unaweza kubomoka. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya kuchomwa sindano ya kwanza ya dawa hizo, hata kama hakohoi.