Onyo la cheti kwenye ruta ya nyumbani: wakati wa kuendelea na wakati wa kusimama

Unataka kubadilisha neno la siri la waifai. Unaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, na badala ya ukurasa wa ruta inatokea alama nyekundu na maneno "Your connection is not private", yaani muunganisho wako si wa faragha. Wengine hufunga ukurasa na kuiacha ruta na neno la siri la kiwandani miaka nenda rudi. Wengine hubonyeza kuendelea, na baada ya muda wanabonyeza hivyo hivyo kila mahali, hata kwenye tovuti ya benki. Mazoea haya ya pili ndiyo yanayotutia hofu zaidi, kwa sababu onyo ni lile lile lakini maana yake haiko sawa.

Cheti ni uthibitisho wa kidijitali kwamba tovuti ni ile inayodai kuwa. Cheti cha tovuti ya benki au ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hutolewa na mamlaka ya vyeti ambayo kivinjari kinaitambua. Ruta yako haiwezi kupata cheti cha namna hiyo kwa anwani yake. Namba kama 192.168.1.1 inatumika katika nyumba nyingi, Kampala hadi Arua, na mamlaka za vyeti haziruhusiwi kuithibitishia nyumba yoyote. Kwa hiyo ruta hujitengenezea cheti, kama mtu aliyejiandikia barua ya utambulisho bila muhuri wa mwenyekiti wa kijiji (LC1). Huenda ni mkweli, ila hakuna aliyemdhamini.

Basi anza kwa kuhakikisha kwamba unazungumza na ruta yako. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt, andika ipconfig, kisha soma mstari wa "Default Gateway". Namba iliyopo hapo ndiyo anwani ya ruta: inaweza kuwa 192.168.0.1, 192.168.8.1 au nyingine. Ukiweza, tumia waya: chomeka upande mmoja kwenye tundu la LAN la ruta, si la WAN linaloingiza intaneti, na mwingine kwenye kompyuta. Kwa waya, mawasiliano yako na ruta hayapiti hewani, ambako jirani anayejua neno lako la waifai anaweza kuyanasa.

Sasa soma msimbo ulio chini ya onyo. NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID kwenye Chrome, au MOZILLA_PKIX_ERROR_SELF_SIGNED_CERT kwenye Firefox, ndio unaotarajiwa. Kama anwani ni ile uliyoiona kwenye ipconfig, bonyeza "Advanced", kisha endelea. Mawasiliano bado yamesimbwa, yaani yamefichwa ili mtu wa kando asiyasome. Ni afadhali hivyo kuliko kufungua ukurasa kwa http tupu, ambako onyo kubwa halitokei lakini neno lako la siri linapita wazi.

ERR_CERT_DATE_INVALID ni jambo la saa. Ruta nyingi hazina betri ya kutunza muda, hivyo umeme ukikatika na kurudi, zinaamka zikidhani ni mwaka 1970 au 2000 hadi zipate intaneti. Cheti ambacho ruta inakitengeneza wakati huo kinaweza kubeba tarehe hiyo ya zamani, na kivinjari, kikikilinganisha na saa ya kompyuta, kinakikataa. Ngoja dakika chache, kisha jaribu tena. Kama onyo hilo linatokea kwenye kila tovuti, angalia tarehe ya kompyuta yenyewe. Kompyuta ya mezani inayosahau tarehe kila inapozimwa mara nyingi imeishiwa betri ndogo ya ndani, aina ya CR2032. ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH mara nyingi ni dalili ya ruta iliyozeeka: vivinjari viliacha TLS 1.0 na 1.1, njia za zamani za kusimba mawasiliano, nayo haijui njia mpya zaidi. Dawa ni kusasisha programu ya ndani ya ruta; isipopatikana, badilisha ruta.

Onyo kwenye tovuti ya benki, barua pepe au URA ni habari nyingine kabisa. Hapo usiendelee. Mara nyingi kivinjari hakitakupa hata kitufe cha kuendelea, na kimefanya vyema. Zima waifai, washa data ya simu, fungua tovuti ile ile. Onyo likitoweka, tatizo liko kwenye mtandao wa nyumbani. Huenda bando la ruta limeisha na mtoa huduma anajaribu kukupeleka kwenye ukurasa wa malipo. Lakini kama bando lipo, shuku kwamba mtu ameingia kwenye ruta na kubadilisha DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, ili ukiandika jina la benki upelekwe kwake.

Ruta inayofunguka kwa jina admin na neno la siri admin ndiyo rahisi kuvamiwa hivyo. Ukishuku, kwanza tafuta mipangilio uliyopewa na mtoa huduma, kisha bonyeza kitundu cha Reset kwa ncha ya pini kwa sekunde 10 au zaidi, hadi taa zizime na kuwaka upya. Kabla ya kufungua tovuti nyingine yoyote, weka neno jipya la msimamizi, zima usimamizi wa kutoka nje ya nyumba, na kagua sehemu ya DNS: iwe ya mtoa huduma wako, au 1.1.1.1 ya Cloudflare, au 8.8.8.8 ya Google. Baada ya Reset ruta huenda ikatengeneza cheti kipya, hivyo onyo kwenye ukurasa wake litarudi hata kama uliwahi kulikubali. Neno la siri la benki ulilowahi kuliandika kupitia onyo, libadilishe siku hiyo hiyo, ukitumia data ya simu.