Ngome ya Halifax: Buruji la Magogo Lililosombwa na Mto Likajengwa Tena

Katika mji wa Winslow, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, pale Mto Sebasticook unapoingia katika Mto Kennebec, lipo buruji dogo la magogo ambalo ndilo jengo pekee lililosalia la Ngome ya Halifax iliyojengwa mwaka 1754. Hutajwa kuwa buruji kongwe kuliko yote ya aina yake nchini humo, na mwaka 1968 liliingizwa katika daraja la juu kabisa la maeneo ya kihistoria ya taifa. Kwa jengo lenye chumba kimoja chini na kimoja juu, heshima hiyo huwashangaza wengi, lakini thamani yake huonekana mtu anapoelewa mahali lilipo na namna lilivyodumu.

Katika karne ya 18 mito ndiyo iliyokuwa njia kuu za kupenya misitu ile. Msafiri aliyepanda Mto Kennebec kwa mtumbwi, kisha akaubeba mtumbwi huo kuvuka nchi kavu inayotenga mito, aliweza kushuka kwa Mto Chaudière hadi jirani ya Quebec, katika Kanada ya leo, makao makuu ya Wafaransa waliokuwa wapinzani wa Waingereza. Waabenaki, wenyeji wa bonde hilo, walikuwa wakiitumia njia hiyo tangu zamani, na makutano ya mito miwili, karibu na maporomoko ya Ticonic, yalikuwa makazi yao na mahali pao pa kuvua samaki wanaopanda kutoka baharini kila mwaka kuja kutaga. (Bwawa la umeme lililopewa jina la ngome hiyo lilipobomolewa mwaka 2008, samaki hao walianza tena kupanda Sebasticook kwa wingi.) Kila maelezo ya ngome hii yanapaswa kuanza na watu hao, kwa sababu eneo ambalo Waingereza waliliita mpaka lilikuwa tayari na wenyewe. Mwaka 1724 walowezi wa koloni la Waingereza la Massachusetts walikuwa wamekishambulia kijiji cha Norridgewock, juu zaidi kwenye mto huohuo, wakawaua wakazi wake wengi pamoja na padri Mjesuti Sébastien Rale. Miaka 30 baadaye koloni hilohilo lilikuja kujenga.

Aliyetoa amri alikuwa Gavana William Shirley wa Massachusetts, koloni ambalo wakati huo Maine ilikuwa sehemu yake, na msafara wa askari wapatao 800 uliongozwa na John Winslow, ambaye jina lake ndilo lililopewa mji wa leo. Mwaka huohuo, mahali ulipo sasa mji wa Augusta, kampuni iliyodai kumiliki ardhi ya bonde hilo ilijenga Ngome ya Western iwe ghala la mahitaji, kwa kuwa maji ya bahari hujaa hadi hapo na vyombo vikubwa havikuweza kwenda mbele zaidi. Kutoka hapo shehena ilipandishwa kwa mashua ndogo, dhidi ya mkondo wenye miamba. Ngome hizo mbili zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa pamoja, kwa sababu ile ya juu haikuweza kuishi bila ile ya chini.

Winslow alichora ngome kubwa iliyozungukwa na ukuta wa magogo yaliyosimikwa wima, kwenye uwanda ulio kando ya maji. Kapteni William Lithgow, aliyeachiwa kuilinda akiwa na askari wachache, aliona kasoro mbili: eneo lilikuwa kubwa kupita uwezo wa watu wake, na kilima cha nyuma kiliitazama ngome kutoka juu. Aliupunguza mpango huo na kuweka ulinzi kilimani. Buruji lililosalia linaonyesha ujenzi wa watu wenye shoka na miti tele. Magogo yamechongwa mraba, yakalazwa moja juu ya jingine, na ncha zake zikakatwa kwa mshazari ili zikamatane kwenye pembe. Chumba cha juu ni kipana kuliko cha chini, kimetokeza nje pande zote, hivyo aliyekuwa juu aliweza kumlenga adui aliyesogea hadi ukutani.

Baada ya Quebec kuanguka mikononi mwa Waingereza mwaka 1759 na mkataba wa amani kutiwa saini mwaka 1763, ngome ilikosa kazi ya kijeshi. Septemba 1775 Benedict Arnold, ofisa wa jeshi la Wamarekani waliowaasi Waingereza, alipita hapo na jeshi la watu wapatao 1,100 akielekea kuishambulia Quebec, lakini hakuna aliyeifufua. Majengo yaligeuzwa makazi na nyumba ya wageni, mengine yakabomolewa, na buruji moja likabaki.

Tarehe 1 Aprili 1987 Mto Kennebec ulifurika na kulisomba buruji lote. Zaidi ya magogo 20 ya asili yaliokotwa, baadhi yakiwa makumi ya kilomita chini ya mto, na mwaka 1988 jengo lilisimamishwa upya kwa kuyachanganya na magogo mapya. Je, hili ni buruji lilelile? Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale uliotungwa zaidi kwa kuzingatia majengo ya mawe na magofu, unaruhusu kupanga upya vipande vilivyotawanyika na kutaka kila kilichoongezwa kitambulike. Waraka wa Nara wa mwaka 1994, mwongozo mwingine wa kimataifa kuhusu uhalisi wa urithi, uliongeza kwamba uhalisi hupimwa pia kwa umbo, matumizi, ufundi na mahali. Kwa vigezo hivyo ninaamini ujenzi wa mwaka 1988 ulistahili kufanywa, kwa sharti kwamba mgeni aelezwe wazi lipi ni gogo la Lithgow na lipi ni la fundi wa juzi. Anayeficha tofauti hiyo anaharibu ushahidi ambao mafuriko yaliuacha.

Jengo la mti huoza likiachwa na unyevu, hasa gogo la chini kabisa linalokaribia udongo, kwa kuwa kuvu hustawi unyevu wa mti unapozidi takriban asilimia 20. Kwa hiyo mhifadhi hushughulikia kwanza paa na mfereji wa kuondoa maji, kisha huondoa sehemu iliyooza pekee na kuunga kipande cha mti wa aina ileile, kwa kiungo kilekile cha awali. Kabla ya kugusa chochote hupima, huchora na kupiga picha kila gogo na kulipa namba. Udongo unaolizunguka buruji unastahili uangalifu huohuo, kwa sababu ngome ilikuwa kubwa kuliko jengo hili, na mtaro mmoja wa bomba ukichimbwa bila mwanaakiolojia unaweza kufuta alama za kuta ambazo hazikuacha dalili nyingine.