Mashuka ya Maria: tunavyozidhania filamu za watu wa hali ya chini

Mwalike mtu atazame filamu ya maisha magumu, atakujibu: "Shida ninazo nyumbani, niende nikazilipie tena?" Jibu tamu, na sijawahi kumshinda hata mmoja kwa maneno. Ila ndani yake mna dhana ambazo zikipimwa kwa filamu zenyewe hazisimami.

Dhana: ni filamu za kulia

Anayesema hivi huwa anawaza tamthilia: mama yuko kitandani, muziki wa huzuni, mvua. Filamu ya Mwitaliano Vittorio De Sica ya mwaka 1948, Ladri di biciclette, yaani "Wezi wa Baiskeli", inaanza na hesabu. Roma imetoka vitani, kazi hakuna. Antonio anaitwa kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini anatakiwa mwenye baiskeli, na ya kwake iko rehani. Mkewe, Maria, anavua mashuka vitandani, anayafunga furushi, wanayapeleka rehani ili baiskeli itoke. Kisha tunamwona karani wa rehani akikwea rafu na furushi lile, akipita mafurushi mengine kama hilo, hadi juu kabisa. Hakuna anayehutubia kuhusu ufukara wa Roma. Umeshaona mwenyewe ni nyumba ngapi zinalala bila shuka.

Asubuhi mtoto wao, Bruno, anaisugua baiskeli na kukuta imebonyezwa huko ilikowekwa. Anamjia juu baba yake: kwa nini hukulalamika? Kwangu mimi utu wa filamu nzima uko hapo. Mtoto wa fukara anajua kitu chao kiliingia kizima, na anataka kirudi kizima.

Dhana: unaokota mtu mtaani, anajiigiza, gharama hakuna

Ni kweli Lamberto Maggiorani, aliyecheza Antonio, alikuwa fundi wa kiwandani. Lakini De Sica alipotafuta fedha, mtayarishaji wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kutoa, mradi mhusika mkuu awe Cary Grant, nyota wa Hollywood. De Sica akakataa. (Nani angeamini kwamba Cary Grant amekosa hela ya baiskeli?) Kumpata mtu anayetembea kama mwenye njaa bila kuionyesha njaa ni kazi, tena ngumu kuliko kumlipa nyota. Na Maggiorani mwenyewe hakutajirika: alirudi kiwandani, baadaye akapunguzwa kazi.

Satyajit Ray wa India naye alianza kushuti filamu yake Pather Panchali mwaka 1952 huku ameajiriwa katika kampuni ya matangazo mjini Calcutta. Hela ikakata, akauza santuri zake, vito vya mkewe vikaenda rehani. Kuna sehemu maarufu ambapo dada na mdogo wake wanakimbia katikati ya nyasi ndefu zenye maua meupe ili waone treni. Walishuti kipande, waliporudi baada ya siku chache wakakuta ng'ombe wameyala maua yote. Ikabidi wasubiri msimu mwingine. Mwishowe serikali ya jimbo la West Bengal ndiyo iliyotoa fedha za kumalizia, na filamu ikatoka mwaka 1955. Huko Calcutta ilianza taratibu, kisha kumbi zikajaa, kwa hiyo na ile dhana kwamba hizi hutengenezewa Wazungu wa matamasha ya filamu tuiweke kando.

Dhana: zinaiaibisha nchi

Lawama hii ina umri. Mwaka 1952 Giulio Andreotti, mwanasiasa wa Italia aliyesimamia mambo ya sinema serikalini, alimshutumu De Sica kwa filamu yake nyingine, ya mzee mstaafu anayeshindwa kulipa kodi ya chumba. Mwaka 1980 mwigizaji Nargis, akiwa mbunge wa India, alimlaumu Ray kwa kuuza ufukara wa India ng'ambo. Nargis huyohuyo ndiye yule mama wa Mother India ya 1957, anayevuta jembe shambani kama ng'ombe! Nadhani tofauti aliyoiona ni kwamba ufukara wa kwake ulikuwa na nyimbo.

Kwetu Tanzania lilitufika mwaka 2006, Rais Kikwete alipoikemea hadharani Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper kuhusu biashara ya sangara Mwanza. Hapo siwacheki waliokasirika. Mtu wa Mwanza alijiona amegeuzwa kielelezo katika hoja kubwa ya biashara ya dunia, yeye na mapanki yake, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa. Umaskini kuonekana haunisumbui. Mimi huuliza huyu anayeonyeshwa anataka nini maishani mwake, na kama filamu ina subira ya kumfuata akikitafuta.

Dhana: maskini wa filamu ni malaika

Antonio huyohuyo, baada ya kutafuta baiskeli yake Roma nzima, anajaribu kuiba ya mtu. Anakamatwa na kupigwa makofi mwanawe akiona. Waliozoea kibanda umiza, yaani kibanda cha video cha mtaani, ambako steringi, shujaa wa filamu, hafi wala haaibiki, hapo huguna.

Mkali zaidi ni Ousmane Sembène wa Senegal, aliyewahi kuwa kuli bandarini Marseille. Filamu yake Borom Sarret, ya 1963, ina dakika 20 hivi tu. Mwenye gari la farasi wa Dakar anampita ombaomba mlemavu bila kumjali, halafu pesa yake ya siku anampa mwimbaji anayezitaja sifa za mababu zake. Sembène hamtetei. Baadaye anakubali kumpeleka mteja mtaa wa Plateau, wanakokaa wakubwa na ambako mikokoteni haitakiwi. Askari anamsimamisha, nishani yake inadondoka, askari anaikanyaga. Mteja ameshaondoka bila kulipa, na gari linachukuliwa.

Anarudi nyumbani na farasi mtupu. Mkewe hamuulizi alikuwa wapi. Anamkabidhi mtoto, anamwambia leo watakula, na kutoka. Anakokwenda hatuonyeshwi.