Goti kuvimba si lazima liwe maji

Kila goti likivimba, mtaani jibu ni moja: "Limejaa maji." Mchezaji katolewa uwanjani kabebwa, ni maji. Mtoto kaamka kiwiko kimetuna, ni maji, au wataambizana ni selimundu. Ipo hali nyingine kabisa, nayo haitaki kusubiriwa: damu kuvujia ndani ya kiungo. Madaktari huiita hemathrosisi.

Tazama saa. Ute wa kiungo, ambao ndio hayo "maji", huongezeka polepole. Aliyeumia jioni huuona uvimbe kesho yake. Damu hujaza goti ndani ya saa chache, pengine hata mbili hazijaisha. Ngozi inakazana, kiungo kinapata joto, na mwenyewe hawezi kukikunja wala kukinyoosha. Mchezaji aliyesikia "paa!" goti lilipojipinda, likavimba kabla hajafika nyumbani, mara nyingi amechanika ligamenti ya katikati ya goti, yaani kano inayounganisha mifupa. Mzee anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuvuja bila hata kujikwaa.

Wanaoumizwa zaidi na neno hilo "maji" ni watoto wenye hemofilia. Damu yao ina upungufu wa protini ya kugandisha, kipengele cha 8 au cha 9, na wengi wao ni wavulana kwa sababu kasoro iko kwenye kromosomu X. Selimundu ni jambo jingine: huko seli nyekundu hubadilika umbo na kuziba mishipa midogo. Mtoto wa hemofilia aliyekwisha kuizoea hali yake husema mapema kwamba anahisi mnyeo au joto ndani ya kiungo, na uvimbe bado haujaonekana. Huo ndio wakati wa kumpa kipengele anachokosa. Badala yake anakandwa maji ya moto, anachuliwa, anapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu, na vyote hivyo vinaweza kuzidisha kuvuja. Damu ikirudia kiungo kilekile, madini yake ya chuma huharibu utando wa ndani ya kiungo na gegedu inayofunika ncha za mifupa, hadi goti linakataa kunyooka.

Basi jirani akikuonyesha mtoto aliyevimba goti, usikimbilie kusema ni maji. Muulize uvimbe ulianza lini, na kama alipotahiriwa au alipong'oka jino damu ilichelewa kukata. Ukoo kutokuwa na mgonjwa mwingine hakuondoi shaka, maana hemofilia huweza kuanzia kwa mtoto huyohuyo. Kama damu ilichelewa, apelekwe hospitali, na goti lisikandwe.