Stesheni nyingi haziongezi treni, lopu ndio huongeza

Nimeisoma tena kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa hapa Kisumu: "Reli si iko tayari, wajenge tu stesheni Kibos, Kisian, Maseno, alafu tuwe na treni kila dakika ishirini tuwachane na jam." Watu wangu, hapana. Kazi yangu imekuwa kupanga treni na hii imani inanichosha kuliko zote, kwa sababu inafanya watu wadai kitu chenye hakitawasaidia.

Reli yetu ni line moja. Nakuru kuja Kisumu line moja, Kisumu kwenda Butere line moja, zote geji ya mita. SGR iliishia Suswa 2019 kwa hivyo tusiiingize hapa. Sasa kwa line moja treni mbili zinazoelekeana zinapishana kwa lopu peke yake (kipande cha reli ya pembeni, treni moja inaingia hapo ingoje nyingine ipite), sio kwa platfomu. Ukiweka platfomu na shedi safi mahali hakuna lopu umeongeza mahali pa kusimama tu, dakika mbili tatu zimeenda, na ile inayongoja line upande ule mwingine inaendelea kungoja. Yaani hiyo stesheni imepunguza treni zenye zinaweza kupita, haijaongeza hata moja.

Chukua kalamu. Tuseme kipande cha kilomita 25, mwendo wa 40 kwa saa, na kusimama hapa na pale, hiyo ni kama dakika 45. Ikifika mwisho injini inakatwa, inapita line ya pembeni, inafungwa upande ule mwingine, breki zinapimwa, weka dakika 15. Kwenda na kurudi, saa mbili. Kwa hivyo seti moja ya mabehewa ni treni moja kila saa mbili, na mtu wa kuingia kazini saa mbili asubuhi ana treni moja ya maana, ikimwacha imeisha. Ukitaka kila dakika 20 unahitaji seti sita, na kila treni itakutana na mwenzake kila baada ya dakika kumi, so lopu ziwe karibu kila kilomita sita hivi na zikae kwa nafasi sawa. Moja ikiwa mbali kuliko zingine, hiyo ndio inaamua ratiba ya line yote. Na usisahau mizigo: treni ya mizigo ikiwa ndefu kuliko lopu haiwezi kuingia ikupishe, ni wewe wa abiria utaingia ungoje ipite.

Kuna mtu ataniambia treni ya Nairobi–Kisumu ilirudi Desemba 2021 na ikafika. Ni kweli, na nilifurahi sana, lakini hiyo ni ya safari ndefu, haikimbizani na saa ya ofisi na haina mwenzake nyuma yake dakika ishirini.

Chenye kinasaidia haraka ni treni za dizeli zenye zina keibini ya dereva pande zote mbili, kama zile Nairobi ilileta kutoka Uhispania 2020. Dereva anatembea tu mpaka upande ule mwingine na kuondoka, hakuna kukata injini. Hapo zile dakika 15 zinaweza kuwa tano na seti sita zinakuwa tano. Kwa bajeti hiyo ni kitu kubwa.

Lakini hata hizo lopu zikijengwa mimi bado nina shaka. Wengi wanahesabu watu wanaoishi karibu na stesheni. Mimi nahesabu wanaenda wapi wakishuka. Stesheni ya Kisumu iko chini huko karibu na bandari, na mtu wa Kondele au Kibuye akishuka hapo lazima apande boda kurudi juu. Nauli ya treni ikijumlishwa na ya boda iipite ya matatu, huyo abiria atajaribu wiki moja tu. Kwa hivyo kabla ya platfomu ya Kisian mimi ningetaka kwanza kuona matatu za kungoja treni pale stesheni ya mjini, na tiketi moja ya zote mbili.